Shangazi, nifute akaunti kabla sijaenda Law School?

MUULIZE SHANGAZI WAKILI

Shikamoo Shangazi. Mi ni binti wa miaka 25, nimemaliza LLB hapa UDOM mwaka jana, kwetu Chamwino ila kwa sasa naishi Makulu, nimepanga chumba. Tangu nikiwa mwaka wa pili nina akaunti TikTok na Instagram, naigiza bibi mmoja wa Kigogo anaitwa Bibi Mlenda, bibi mkorofi anajua haki zake kuliko mwenyekiti wa kijiji. Najifunga kaniki, navaa miwani ya marehemu babu, watu wanacheka hao! Wafuasi wamefika elfu 41. Mwanzo vilikuwa vichekesho tu, nikaanza kuingiza sheria kidogo kidogo, mirathi, mikataba ya kupanga, mambo ya ndoa, na hapo ndo akaunti ikapaa. Sasa nimepata nafasi Law School natakiwa Dar, na baba anasema akaunti ifutwe kabla sijapanda treni, eti hakuna hakimu atakayemheshimu mwanamke aliyekuwa anaruka ruka na kaniki mtandaoni. Kuna na kaka mmoja wa ofisi ya mawakili nilikofanyia fildi, naye aliniambia sheria na ucheshi haviendi pamoja, mabosi wakikuona huko kazi hupati. Ila Shangazi hiyo akaunti ndo inanilipia bando na kodi, maana kwenye baio nimeandika "Wakili Msanii" basi watu wananifuata inboksi nawaandikia mikataba na barua za madai kwa elfu 10 mpaka 20, siku zinasogea. Nifute au nisifute? Na kama sifuti nifanyeje isije ikaniharibia?
Mtoto wa Chamwino

Marahaba mwanangu, na hongera ya LLB. Barua yako mara ya kwanza nimeisoma nikacheka, nikaenda kumtafuta huyo Bibi Mlenda nikacheka zaidi mpaka karani wangu akaja kuchungulia kuna nini, halafu nikarudi kwenye barua mara ya pili na safari hii sikucheka. Baba anaogopa kaniki, yule kaka anaogopa mabosi, wewe unawaogopa wote wawili, na hakuna hata mmoja wenu anayeogopa kitu chenyewe cha kuogopa, ambacho umekipitisha katikati ya barua kama mtu anayetaja bei ya nyanya soko la Sabasaba. Nasema hiyo baio na hizo elfu 10.

Wewe sio wakili. Una shahada ya sheria, jiite mwanasheria sina ugomvi, lakini wakili ni mtu aliyepita hayo mafunzo unayoyaendea sasa, akaomba kuandikishwa, akakubaliwa, akaapa mbele ya Jaji Mkuu, jina likaingia kwenye orodha ya mawakili, na kila mwaka anahuisha cheti chake cha kufanya kazi. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inasema ni kosa mtu asiye na sifa kujifanya wakili, na ni kosa jingine kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo wakati huna sifa hiyo, zile zinazohusu mali za watu na mashauri ya mahakamani. Sasa we umeandika kosa la kwanza kwenye baio, la pili unalifanya inboksi, na ushahidi wote unao mwenyewe kwenye simu, meseji za kutumiwa hela zimo humo humo. Mtaani watu wa hivyo tunawaita vishoka na sisi mawakili hatuwapendi hata kidogo, nakuambia ukweli. Siku hizi Mahakama ina mfumo wa e-Wakili, mtu anaandika jina lako kwenye simu anaona kama upo au haupo, hata dakika 2 haziishi. Mteja wako mmoja tu, mkataba wake ukamgeukia, ataandika hilo jina.

Na ujue unapoomba kuandikishwa hawaangalii maksi peke yake, na mwenendo wako unaangaliwa. Fikiria umekaa mwaka mzima Dar, umefaulu, mama mdogo keshashona vitenge vya sare, halafu mtu anakuja na karatasi ya barua ya madai uliyomwandikia kwa elfu 15. Kwa kweli hapo kaniki haitakuwa na kesi yoyote.

Kwahiyo usiku wa leo, kabla hujalala, badilisha baio. Andika "mwigizaji, mhitimu wa sheria", inatosha, haina aibu. Anayekuja inboksi na shida yake mwelekeze kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya watu hao wasio na uwezo na inawatambua mpaka wasaidizi wa kisheria, na tangu 2023 kuna ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia inayozunguka mikoani. Hela usipokee. Najua utasema Shangazi kodi je, nakuja.

Kuna tofauti ya Bibi Mlenda kulipwa na wewe kulipwa. Kampuni ya mchele ikimlipa Bibi Mlenda asifie mchele, hiyo ni kazi ya usanii, pokea, andikishianeni, lipia kodi ya serikali. Mtu akitaka umwandikie skiti ya dakika 3 ya kuelimisha wanakijiji kuhusu wosia, hiyo nayo ni kazi ya kuandika, pokea. Tatizo linaanza pale mtu mmoja mwenye jina lake na kiwanja chake anapokulipa umwambie afanye nini kwenye jambo lake. Hapo umeshatoka kwenye kaniki umevaa joho ambalo hujapewa. Na hata ukishapewa utakuta mambo mengine yamebana, uwakili hapa kwetu hauruhusu kujinadi kama muuza mitumba, Kanuni za Maadili za Mawakili za 2018 zinagusa matangazo na kuwinda wateja, zitafute uzisome mwenyewe usisubiri kusimuliwa. We unafikiri kwa nini safu hii naandika kama Shangazi na sio kwa jina langu la kwenye muhuri?

Sasa baba. Baba usibishane naye, kaa naye jioni akishakula, mpe mfano wa mtu wa hapa hapa nyumbani. Rebeca Gyumi ni mzaliwa wa Dodoma, kasoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vijana wengi walimfahamu kwanza kwenye runinga kupitia vipindi vya vijana vya Femina, alikaa huko miaka. Mtu wa runinga huyo huyo ndiye aliyefungua shauri Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vile vilivyokuwa vinaruhusu binti kuolewa akiwa chini ya miaka 18, akashinda 2016. Serikali ikakata rufaa, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa. Katikati hapo, 2018, akapewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Majaji walisikiliza hoja, sijasikia popote kwamba kuna aliyeuliza kuhusu runinga. Tena mi naona ile miaka ya kuongea na mabinti kwenye kamera ndo ilimfundisha shida iko wapi, maana wengine tunazijulia shida za watu kwenye majalada zikiwa zimeshachelewa. Mwambie baba hivyo, kwa adabu.

Halafu kuna jambo ambalo yule kaka wa fildi haoni na mi naliona kila siku mezani kwangu. Mtu anatoka Mpwapwa au Bahi amebeba hukumu ya kesi yake mwenyewe, ya Kiingereza, kurasa 14, ameshindwa au ameshinda hajui! Anakuja nimsomee. Nimewasomea watu hukumu zao mpaka nimechoka. Mwaka 2021 ndo mambo yakaanza kugeuka kisheria, Bunge hapa hapa Dodoma likabadilisha sheria Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, na kabla kidogo ya hapo, Siku ya Sheria tarehe 1 Februari, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani akimsifia kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, ile kesi ya mgodi wa North Mara. Tulikuwepo mjini siku hiyo, mawakili wengine walinuna kwelikweli, maana mtu umesoma Kiingereza cha mahakama miaka 20 halafu unaambiwa anza upya. Lugha kubadilika kwenye karatasi ni jambo moja, ila mtu wa kukaa akamweleza mama muuza karanga nini maana ya msimamizi wa mirathi akaelewa akacheka akakumbuka na kesho, huyo hatuna. Wewe unaweza. Darasani kwangu hatukuwa na hata mmoja wa hivyo, mimi mwenyewe nikieleza mirathi mtu anapiga miayo.

Ila angalia unachoelezea unakitoa wapi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu palishaniumiza. Kuna mwaka, sina hata miaka miwili kazini, nilipiga picha meza yangu ina kikombe cha chai na jua la asubuhi limeingia dirishani vizuri, nikaweka status WhatsApp nikaandika "tunaanza wiki". Chini ya kikombe kulikuwa na jalada, jina la mteja linasomeka. Mteja yule alikuwa anatafuta talaka na hakuna aliyejua, wala mume alikuwa hajui. Shemeji yake alikuwa na namba yangu. Mpaka saa 7 mchana ukoo mzima ulishajua. Niliomba msamaha kwa kupiga magoti, sikutanii, akachukua jalada lake akahamia kwa mwingine na nilistahili. Kosa lote lile lilitokea kwenye kikombe cha chai, hata Bibi Mlenda hakuwepo.

Kwahiyo ukifika fildi ya Law School, ukawa unakaa kwenye ofisi na mahakamani, hadithi za huko zisiingie kwenye klipu, hata ukibadilisha majina. Dodoma ni ndogo mwanangu. Ukisema "kuna mama mmoja wa mtaa wa Kikuyu ana duka la nafaka kagombana na shemeji yake" utakuwa hujataja jina ila mtaa mzima umeshamaliza kazi. Simu usiitoe kurekodi ndani ya mahakama, kesi inayoendelea usiigizie nani mwongo nani mkweli, watoto waliohusika kwenye mashauri usiwaguse kabisa. Na kitu usichokuwa na uhakika nacho usikirushe, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo kwa faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote, na ukianza kuwa kama chombo cha habari unatoa taarifa za matukio, waulize kwanza TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, kuhusu leseni, zile Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 zilirekebishwa 2022 na watu wengi bado wanazungumzia za zamani.

Utauliza sasa hadithi nitoe wapi. TanzLII mwanangu, ile tovuti ya sheria na hukumu za mahakama zetu, hukumu zimejaa bure, za wazi, zilishaamuliwa. Chukua ile ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, mama wa nyumbani, ndoa imevunjika, swali likawa je kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa au ni bure tu, na Mahakama ya Rufani ikasema ni mchango. Bibi Mlenda angesimama na kinu na mchi wake akamuuliza babu "na huu unga ulijitwanga?" Hiyo peke yake ni dakika 2 na hakuna mteja aliyeumia. Au ile ya mtu kuachishwa kazi isivyo halali, kwamba ana siku 30 kupeleka lalamiko CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, wangapi wanajua? Wanakuja kwangu mwezi wa tano tangu waachishwe.

Kuhusu Law School yenyewe, sikufichi, akaunti ikikuua itakuua kwa kukulia muda. Kozi ni mwaka mmoja lakini umebanwa. Ulikuwa chuo 2022, utakuwa unakumbuka kelele za yale matokeo, wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja 26, mpaka Waziri akaunda kamati ya Dk. Mwakyembe kuchunguza. Hao hawakufelishwa na TikTok, sababu zilijadiliwa nyingi tu, ila we usiongeze yako. Wiki hizi ulizobaki nazo Makulu rekodi klipu nyingi uziweke akiba, ukiwa Dar unaposti moja kwa wiki au moja kwa wiki mbili, laivu acha kabisa mpaka umalize. Wafuasi wa kweli watasubiri, wasiosubiri hawakuwa wako. Na treni ya SGR isikudanganye kila wikiendi uko Dodoma unarekodi.

Yule kaka naye hajakosea yote. Kuna ofisi zitakukataa kwa sababu ya Bibi Mlenda, tena wakubwa wa makamo yangu ndo wabaya zaidi. Ukienda kuomba kazi usimfiche, atajulikana tu, mtaje wewe mwenyewe kwanza, useme ni kazi yangu ya sanaa, siongelei wateja, sijiiti wakili mle, na hii hapa klipu moja. Chagua klipu nzuri basi. Ofisi ikikataa baada ya hapo achana nayo, ungekaa mle unakosa pumzi.

Usifute, ndo jibu langu. Baio ndo inafutwa.

*

Shangazi mambo vipi, niko mwaka wa nne sheria, kwetu Singida. Nachora katuni na kudizaini logo tangu sekondari. Jamaa mmoja anakamua mafuta ya alizeti kachukua katuni yangu ya jogoo niliyoiposti, kaibandika kwenye madumu yake yote, nimemfuata ananiambia "si ulishaweka mtandaoni". Sina hela ya wakili. Na je hivi vitu vya uchoraji vinaweza kuja kunisaidia kwenye sheria au nipoteze muda tu?
Mchora Jogoo

Poa mwanangu. Kuweka mtandaoni sio kugawa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu ulipoichora, haisubiri usajili, na ulinzi unakaa uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa. Usajili wa COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, unasaidia kwenye ushahidi, kasajili hata sasa. Tunza faili la mwanzo lenye tarehe zake, tunza ile posti, nunua dumu moja upate risiti, piga picha. Halafu mwandikie barua ya madai, wewe mwenyewe, kwa jina lako, kwa jambo lako. Hiyo inaruhusiwa (yule dada wa juu alikuwa anawaandikia watu wengine kwa hela, usichanganye). Bei iweke ya maana lakini isiwe ya kumfilisi, wenye mashine za alizeti hawana hela kama unavyofikiri na huenda akawa mteja wako wa kudumu wa lebo. Akigoma ndo tuongelee mahakama.

Kuhusu swali la pili, mawakili tunaoweza kukaa na msanii tukamsomea mkataba wa kazi zake tukajua faili la picha ni nini na kuuza haki kunatofautianaje na kuikodisha tuko wachache sana, ukanda huu wa kati ndo kabisa. Mimi mwenyewe wakija nawapigia simu watu wa Dar. Endelea kuchora.

*

We Mtoto wa Chamwino, nilitaka kusahau. Ile klipu ya Bibi Mlenda anashtaki jirani kwa kumega shamba, halafu Baraza la Kata linakaa linatoa hukumu linampa ekari zake, ndo yenye watazamaji wengi kuliko zote na ndo yenye kosa. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Baraza la Kata halihukumu tena mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu, wakishindwana ndo wanaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuna watu wanaiangalia hiyo wanajipanga kwenda Kata kudai hukumu. Itoe uirekodi upya, Bibi Mlenda afike Kata, wasuluhishwe washindwane, apande basi aje mjini na mlenda wake kwenye kikapu. Itachekesha zaidi.